Majaji wa Rais, Ardhi ya Rais

Tarehe 30 Agosti 1960 Tanganyika ilipiga kura ya kuchagua Baraza la Kutunga Sheria ambalo lingeipeleka nchi kwenye uhuru. Viti vya kugombea vilikuwa 71. Wagombea 58 wa TANU walipita bila kupingwa, na katika viti 13 vilivyobaki chama hicho kilishinda vyote isipokuwa kimoja. Kiti hicho kimoja kilikuwa cha Mbulu. TANU ilikuwa imemsimamisha Chifu Amri Dodo wa Wagorowa. Herman Elias Sarwatt, ambaye naye alikuwa mwana TANU, hakukubali. Akasimama kama mgombea binafsi na kumshinda mgombea rasmi wa chama chake mwenyewe. Sarwatt alikuwa Mwiraqw, na Wairaqw ndio waliokuwa wengi katika Mbulu ya wakati ule, wilaya kubwa iliyokusanya nchi ambazo leo ni Mbulu, Hanang, Babati na Karatu.

Baada ya kushinda alirudi chamani na mambo yakaisha kwa amani. Lakini kura ile inaonyesha watu wa aina gani walioishi kwenye miinuko ile ya Bonde la Ufa: watu wasiopenda kuchaguliwa na mtu wa mbali yule ambaye atawasemea. Miaka michache baadaye waligundua kwamba mbunge wangeweza kumchagua wao wenyewe, lakini anayekata kesi zao na anayemiliki ardhi yao hawakuwa na la kusema juu yake.

Mapokeo ya Mbulu na Hanang yalikuwa tofauti na hayo. Wairaqw hawakuwa na mfalme. Shauri la mpaka wa shamba au la ng'ombe lilisikilizwa na wazee, wakiongozwa na kahamusmo, mzee wa eneo, na uzito wa uamuzi wao ulitokana na hofu ya laana kuliko nguvu ya askari. Wabarabaig, Wadatooga wa uwanda ulioko chini ya Mlima Hanang, walikuwa na girgwageda, baraza ambalo watu wa ujirani hukaa na kuzungumza mpaka wakubaliane. Wanawake walikuwa na baraza lao pia, lenye uwezo wa kumtoza ng'ombe mwanamume aliyemdhalilisha mke. Wataalamu wa mila waliofika Hanang katika miaka ya 1950 walishangazwa na baraza hilo la akina mama, na ninadhani walikuwa na haki ya kushangaa. Hata leo sijui ni mahakama gani ya serikali ambayo mume humwogopa hakimu wake kiasi kile.

Wajerumani walipojenga boma lao Mbulu walihitaji mtu wa kumwamuru, na asipokuwepo walimtengeneza. Waingereza waliwafuata na utaratibu huohuo wakauandika vizuri zaidi. Kwa sheria ya mamlaka ya wenyeji ya 1926 chifu akawa mtawala, mkusanya kodi na hakimu kwa pamoja. Aliyemteua ni serikali. Aliyeweza kumwondoa ni serikali. Na aliyeshindwa kesi barazani kwake alikata rufaa kwa Mkuu wa Wilaya, yaani kwa bwana wa chifu. Mwiraqw aliyedhulumiwa shamba na mtu wa ukoo wa chifu alijua mapema hukumu itakavyokuwa. Kipindi hicho ndicho kilichowafundisha watu wa nyanda zile kuangalia kwanza hakimu ametoka kwa nani, kabla ya kuuliza anajua sheria kiasi gani.

Sheria ya ardhi ya 1923 nayo iliweka ardhi yote ya Tanganyika, iliyokaliwa na isiyokaliwa, chini ya Gavana. Wenyeji waliendelea kuitumia kwa mila zao, lakini mahakama za kikoloni zilikuja kueleza kwamba walikaa pale kwa ruhusa tu.

Uhuru ulipofika Desemba 1961, majaji wa Mahakama Kuu waliteuliwa kwa ushauri wa Tume ya Utumishi wa Mahakama, na mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia wa Uingereza. Mwaka mmoja baadaye, katika Katiba ya Jamhuri ya 1962, madaraka hayo yaliingia mkononi mwa Rais. Aliteua Jaji Mkuu, na aliwateua majaji wengine baada ya kushauriana na huyo Jaji Mkuu. Ardhi iliyokuwa chini ya Gavana nayo ikawa chini ya Rais. Hoja ya wakati huo ilikuwa kwamba nchi changa yenye njaa, ujinga na maradhi haiwezi kumfunga mikono kiongozi wake. Wabunge walioipitisha katiba hiyo, Sarwatt wa Mbulu akiwa miongoni mwao, hawakujiwekea nafasi yoyote katika uteuzi wa majaji. Hawajawahi kuipata hadi leo. Ibara ya 109 ya Katiba ya sasa inamtaka Rais ashauriane na Tume ya Utumishi wa Mahakama kabla ya kumteua jaji, Bunge halitajwi. Kwa hiyo lile neno la kumlaumu Rais kwamba amewaruka wabunge katika uteuzi wa majaji, ambalo katika nchi nyingine huzua mgogoro mkubwa wa kikatiba, Tanzania halina pa kushika. Hakuna mlango uliorukwa, kwa sababu haukujengwa.

Mwalimu Nyerere alitumia madaraka hayo kwa uhuru mkubwa. Baada ya Mwingereza Ralph Windham alimleta awe Jaji Mkuu Telford Georges, mwanasheria wa Trinidad, ambaye majaji wengi wanamkumbuka kwa heshima hadi leo. Akafuata Augustine Saidi, Mtanzania wa kwanza kushika nafasi hiyo, mwaka 1971. Mwaka 1975 Nyerere alimwondoa mahakamani Julie Manning, mwanamke wa kwanza kuwa jaji nchini, akamfanya Waziri wa Sheria. Na mwaka 1977 alimteua Francis Nyalali, mtu wa miaka 42 aliyekuwa jaji kwa miaka mitatu tu, kuwa Jaji Mkuu, akiwapita majaji waliomtangulia kwa miaka mingi. Watu walinong'ona. Nyalali alikaa kwenye kiti hicho hadi mwaka 2000, na ni yeye ambaye baadaye aliandika hukumu iliyolifanya jina la mkulima mmoja wa Mbulu lijulikane kwa kila mwanafunzi wa sheria nchini.

Kwanza lakini ilikuja ngano.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ilianza kulima ngano Basotu, magharibi mwa Mlima Hanang. NAFCO, shirika la umma la kilimo na chakula, liliundwa mwaka 1969, na serikali ya Canada ikaleta fedha, mashine na wataalamu. Katika muda wa miaka kumi na mitano hivi yaliota mashamba saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Kwa pamoja yalichukua zaidi ya hekta 40,000. Kwa wapangaji wa Dar es Salaam na Ottawa, ule ulikuwa uwanda mtupu wenye udongo mzuri, na nchi ilihitaji mkate.

Uwanda haukuwa mtupu. Wabarabaig walihama na mifugo yao kwa mzunguko waliouelewa vizuri, kutoka mteremko hadi ziwa, kutoka msitu hadi bonde, kila aina ya malisho ikiwa na majira yake. Katika mzunguko huo muhajega, ile ardhi nyeusi ya bondeni inayobaki na majani mazuri, ilikuwa ndogo kwa ukubwa na kubwa kwa thamani: ng'ombe walinenepa pale, kisha wakaondoka ili majani yapumzike. Trekta zilichagua muhajega kwa sababu ileile iliyowafanya ng'ombe waichague. Aliyeangalia ramani aliona kwamba sehemu ndogo tu ya Hanang imechukuliwa na akashangaa kwa nini wafugaji wanalalamika. Ukikata sehemu hiyo, mzunguko mzima unakwama, na mifugo inarundikana kwenye miteremko ambayo haikuwahi kuihimili.

Zaidi ya malisho yalikuwepo makaburi. Mzee wa Kibarabaig mwenye heshima huzikwa kwa bung'ed, mazishi ya miezi mingi yanayoishia kwa kuinuliwa kichuguu kikubwa cha udongo, na mahali hapo ukoo hurudi vizazi kwa vizazi. Baadhi ya vichuguu hivyo vililimwa. Njia za kwenda kwenye maji zilifungwa, na waliokatiza shambani walikamatwa kwa kosa la kuvamia mali ya shirika. Wafugaji waliitwa wavamizi kwenye ardhi ambayo babu zao wamezikwa humo.

Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 walikwenda Mahakama Kuu ya Arusha kuishtaki NAFCO. Hili lilikuwa jambo zito. Tanzania ilikuwa ya chama kimoja, shirika lilikuwa la umma, mradi ulikuwa na wafadhili, na neno "maendeleo" lilimziba mdomo yeyote aliyetaka kuuliza. Aliyesikiliza kesi alikuwa D'Souza, naye hakuwa jaji kamili; alikuwa kaimu jaji. Kaimu hushika nafasi kwa uteuzi wa Rais na kwa muda ambao Rais ataona unafaa, hadi athibitishwe au uteuzi ufutwe. Kama kuna mtu ambaye angeweza kusamehewa kwa kukwepa kuliudhi shirika la serikali, ni yeye.

Hakukwepa. Katika hukumu yake ya 1984 alisema kwamba wanakijiji walikuwa na haki ya kimila juu ya ardhi ile, kwamba haki hiyo haikufutwa kwa utaratibu wowote wa sheria, na kwa hiyo NAFCO ndiyo iliyovamia. Akaamuru walipwe fidia. Wanaopenda kudai kwamba jaji husema anachotaka aliyemteua wanapaswa kueleza hukumu hii. Mimi siielezi kwa chochote isipokuwa kwamba alisoma sheria kama ilivyokuwa, na sheria ilikuwa upande wa Mulbadaw.

NAFCO ilikata rufaa. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoundwa 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika na mahakama yake ya rufani kwenda nayo, ilitengua hukumu mwaka 1985. Ilisema kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile na mamlaka ya wilaya, kwani kusajiliwa kuwa kijiji hakukipi kijiji ardhi. Kuhusu wanakijiji mmoja mmoja, ilisema haki ya kimila ni ya wenyeji wa asili, na wadai hawakuleta ushahidi kwamba wao ni wenyeji wa asili. Kama hoja ya ushahidi, labda inasimama. Lakini fikiria ujumbe uliorudi Hanang: Wabarabaig, waliokuwa wakifukuzwa na kutozwa faini kwa sababu ya Ubarabaig wao, wameshindwa kesi kwa kutothibitisha kwamba ni watu wa hapa.

Baada ya hapo serikali haikutaka tena kusubiri mahakama. Ilikuwepo sheria ya 1973 ya mipango na matumizi ya ardhi vijijini, iliyomruhusu Rais kutangaza eneo lolote kuwa eneo maalumu na kumwachia waziri atunge kanuni humo. Chini ya sheria hiyo, tarehe 13 Februari 1987, lilitoka Tangazo la Serikali namba 88. Lilifuta haki za kimila za ardhi katika vijiji 92 vya mkoa wa Arusha kama ulivyokuwa wakati huo, miongoni mwake vijiji vya Hanang na Mbulu. Haukupelekwa muswada bungeni. Hakuna mbunge aliyesimama kuuliza fidia iko wapi. Vizazi vya umiliki vilifutwa kwa kurasa chache za Gazeti la Serikali, ambalo sijui ni wafugaji wangapi wa Basotu waliokuwa na desturi ya kulisoma.

Tarehe hiyo ina jambo. Haki za msingi za raia ziliingizwa kwenye Katiba kwa mabadiliko ya 1984, ikiwamo Ibara ya 24 inayolinda mali. Ila serikali ilijipa miaka mitatu ya kusafisha sheria zake, na katika muda huo raia hakuruhusiwa kwenda mahakamani kudai haki hizo. Mlango ulifunguliwa Machi 1988. Tangazo la 1987 lilipita miezi 13 kabla ya hapo, na lilipokuja kujadiliwa mahakamani miaka ya baadaye tarehe hiyo iliipa serikali kinga kubwa.

Kwa nini serikali iliharakisha? Ngano ilikuwa sababu mojawapo tu. Sababu kubwa zaidi ilikuwa Operesheni Vijiji. Kati ya 1974 na 1976 mamilioni ya Watanzania walihamishiwa vijijini, na ardhi ya mmoja ikagawiwa mwingine bila hati wala fidia. Mbulu, nchi ya mashamba yenye samadi na mitaro ya kuzuia mmomonyoko, ambako shamba huchukua kizazi kuwa shamba, uchungu ulikuwa mkubwa. Rais Mwinyi alipoingia madarakani 1985 na hewa ikaanza kulegea, wenye mashamba ya zamani walikwenda kwa mahakimu kuyadai. Na walikuwa wakishinda.

Miongoni mwao walikuwepo baba na mwana wa kijiji cha Kambi ya Simba, kata ya Mbulumbulu, wakati huo wilaya ya Mbulu na leo Karatu. Januari 1987 walifungua kesi katika mahakama ya Hakimu Mkazi Arusha, wakashinda, na waliokuwa wakilitumia shamba lao wakaondolewa kwa amri ya mahakama. Rufaa ya walioondolewa ilikuwa bado inasubiri Mahakama Kuu pale serikali ilipoamua, mara hii, kupita bungeni. Sheria namba 22 ya 1992 ilianza kazi tarehe 28 Desemba mwaka huo. Ilifuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa na Operesheni, ikakataza fidia, ikazima kesi zote zilizokuwa mahakamani, ikazuia hukumu zilizokwisha kutolewa zisitekelezwe, na migogoro yote ikaipeleka kwa baraza maalumu.

Sheria hiyo inapaswa kusomwa na kila anayeamini kwamba dawa ya Rais mwenye nguvu ni Bunge. Hapa Bunge halikurukwa. Lilikaa, lilisoma, lilipiga kura, na likamnyang'anya mkulima ushindi wake akiwa na hukumu mkononi. Kilichowafanya wabunge waipitishe si siri: wote walikuwa wa chama kimoja, na vijiji vilikuwa kazi ya chama hicho. Mwezi mmoja kabla, Novemba 1992, Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilikuwa imekabidhi ripoti yake baada ya kuzunguka nchi nzima na kusikiliza maelfu ya wananchi. 

Baba na mwana wa Kambi ya Simba walirudi mahakamani, mara hii wakimshtaki Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Jaji Eusebia Munuo wa Mahakama Kuu ya Arusha aliona kwamba sheria ile inavunja Katiba. Serikali ikakata rufaa, na shauri likafika mbele ya Nyalali akikaa na majaji Makame na Kisanga. Wanasheria wanalijua kama shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na Joseph Lohay. Hukumu ilitolewa tarehe 21 Desemba 1994.

Hoja ya serikali ilikuwa ya kikoloni bila kujijua. Ilisema mwenye haki ya kimila hana mali. Ana ruhusa ya kutumia ardhi ya umma, na ruhusa ikiondolewa hakuna alichonyang'anywa, basi hakuna cha kufidiwa. Nyalali aliikataa. Alisema Rais anashika ardhi kama mdhamini kwa niaba ya wakazi wake, na mdhamini hawezi kugeuka kuwa mfaidi na kuwaacha wenye mali nje. Haki ya kimila, akasema, ni mali inayolindwa na Ibara ya 24, na hata pale ambapo hakuna nyumba wala mazao ya kudumu, jasho lililotiwa kwenye ardhi linastahili fidia ya haki. Kusimamisha wazo hilo alimwita shahidi ambaye serikali isingeweza kumkataa: Nyerere mwenyewe, katika andiko lake la 1958 kuhusu mali ya taifa, aliposema kwamba anayefyeka pori na kulima anakifanya kitu kilichotokana na kazi yake kuwa chake. Mwalimu aliandika maneno hayo akiwapinga Waingereza waliotaka kuiuza ardhi kama bidhaa. Miaka 36 baadaye jaji aliyeteuliwa naye aliyatumia kuizuia serikali ya chama chake.

Rufaa ya serikali haikushindwa yote, na Tangazo la 1987 liliacha alama ambayo hukumu haikuifuta. Lakini sehemu zilizozuia fidia na zile zilizozima kesi na kuwafungia watu mahakama ziliondolewa. Kwa wakulima wa Mbulumbulu hiyo ilitosha kuonyesha kwamba mahakimu wa Arusha hawakuwa wamepoteza muda wao.

Majaji hao waliteuliwa bila mbunge hata mmoja kuulizwa. Vifungu walivyovifuta vilitungwa na wabunge waliochaguliwa. Ukichukua hoja ya kawaida, kwamba jaji aliyepitishwa na wawakilishi wa wananchi ndiye atakayewalinda wananchi, historia ya Mbulu na Hanang inakataa kuiunga mkono kirahisi. Haiungi mkono hoja ya upande wa pili pia. Mkono uliowateua majaji hao ndio uliokuwa na uwezo wa kutangaza maeneo maalumu, na ndio unaoishika ardhi. Uteuzi ukiwa mzuri, Mulbadaw ilipata D'Souza na Kambi ya Simba ilipata Munuo na Nyalali. Ukiwa mbaya, hakuna mahali ambapo mtu wa Basotu au Mbulumbulu angeweza kuzuia. Alitegemea bahati, na bahati ilimpata kwa kiasi.

Tume ya Shivji iliona tatizo lipo hapo. Ilipendekeza ardhi iondolewe mikononi mwa Rais na serikali yake: ya vijiji iwe chini ya mikutano mikuu ya vijiji, na ya taifa iwe chini ya chombo cha makamishna kinachowajibika kwa Bunge. Serikali ilikataa. Sheria za ardhi za 1999, namba 4 na namba 5, zilipita wakati Waziri Mkuu akiwa Frederick Sumaye, mbunge wa Hanang. Zilitambua haki za kimila kwa uwazi ambao haukuwahi kuwepo, na hilo ni jambo kubwa. Hukumu ya Akonaay imo ndani yake. Lakini ardhi yote ilibaki ya umma na Rais akabaki mdhamini wake.

Kuhusu majaji, mjadala ulirudi kwa nguvu mwaka 2017. Jaji Mkuu Mohamed Chande Othman alistaafu Januari, na Rais John Magufuli, badala ya kuteua Jaji Mkuu, alimteua Profesa Ibrahim Juma kukaimu. Miezi ikapita. Mawakili na wapinzani waliuliza kama Katiba inaruhusu mkuu wa mhimili mzima akae miezi minane akisubiri kuthibitishwa na mkuu wa mhimili mwingine. Septemba mwaka huo Juma alithibitishwa na kelele zikapungua. Mwaka 2023 zikafumuka tena, Rais Samia Suluhu Hassan alipomwongezea muda baada ya kutimiza miaka 65. Mara zote mbili aliyelalamika alikuwa na Katiba ya kusoma na hakuwa na Bunge la kukimbilia.

Jirani yetu Kenya ana Bunge la kukimbilia. Tarehe 28 Januari 2011 Rais Mwai Kibaki alimpendekeza Jaji Alnashir Visram kuwa Jaji Mkuu. Waziri Mkuu Raila Odinga alisema hakushauriwa, na Tume ya Utumishi wa Mahakama ikasema haikuhusishwa. Tarehe 3 Februari Jaji Daniel Musinga wa Mahakama Kuu alisema uteuzi umekwenda kinyume cha Katiba. Tarehe 17 Spika Kenneth Marende akasema hivyohivyo bungeni. Tarehe 22 Kibaki akaondoa majina. Usaili ukafanyika hadharani, Wakenya wakiutazama kwenye televisheni, na Juni mwaka huo Willy Mutunga akawa Jaji Mkuu kwa idhini ya Bunge. Ila miaka minane baadaye Tume ilimpelekea Rais Uhuru Kenyatta majina ya majaji wapya, naye akayakalia. Juni 2021 aliwaapisha 34 na kuwaacha sita ambao hakuwataka, miongoni mwao waliokuwa wametoa hukumu zisizoipendeza serikali yake. Mahakama zilimwamuru, hakutii. Wale sita waliapishwa Septemba 2022, rais mwingine alipoingia. Katiba ilikuwa na kila mlango unaotakiwa, na mtu mmoja aliweza kukaa tu bila kupita kwenye wowote.

Hanang, Wakanada waliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya wazee wa Kibarabaig kupeleka malalamiko yao moja kwa moja kwa wananchi wa Canada na watu wa haki za binadamu kuyachukua. Bila fedha zao mashine zilichakaa na NAFCO ikafilisika. Serikali ilibinafsisha mashamba. Baadhi yalikwenda kwa wawekezaji na mengine yakagawiwa kwa wananchi. Waliogawiwa si wote walikuwa Wabarabaig, kwa sababu katika miaka ile thelathini watu wengi walikuwa wamehamia Hanang kutafuta ardhi, na wao pia walikuwa na watoto. Migogoro ya mpaka kati ya mkulima na mfugaji sasa husuluhishwa na mabaraza ya kata, na isiposuluhishika husikilizwa na mabaraza ya ardhi ya wilaya, na wenyeviti wa mabaraza ya wilaya huteuliwa na waziri.